Kuezeka Nyumba ya Sentimita Hamsini

Nyumba za wanasesere zinazosifiwa kuliko zote duniani hazihangaiki sana na paa. Ile ya Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Amsterdam, iliyotengenezwa kati ya 1686 na 1710 na ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, ni kabati. Ndani yake mna vyombo vya kaure vilivyotoka Asia, vikapu vilivyosukwa kwa nyuzi nyembamba, hata chumba cha juu cha kuanikia nguo. Na juu ya chumba hicho pana ubao wa kabati, basi. Ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ina maji yanayotoka bombani, taa za umeme na lifti zinazopanda na kushuka, lakini ganda lake la nje huinuliwa kwa mtambo ili mtazamaji aone ndani. Kinachotafutwa ni vyumba. Paa ni kifuniko cha kuondolewa njiani.

Mimi nilikuwa na sababu ya kufikiri kinyume. Binti wa kaka yangu amezaliwa na kukulia ghorofa ya nane, hapa hapa Dar es Salaam. Juu ya dari yao wapo watu, na juu ya watu hao wapo wengine. Mvua huiona dirishani, haisikii. Alikuwa na nyumba ya wanasesere ya plastiki, ya rangi ya waridi, aliyoletewa zawadi kutoka safari, yenye paa kali lililochongoka na bomba la moshi pembeni. Siku moja akaniuliza lile bomba ni la nini. Nikamweleza habari za nchi za baridi, kwamba watu huwasha moto ndani ya nyumba ili wapate joto, na kwamba paa hufanywa kali vile ili theluji iteleze ianguke chini, isije ikalemea mbao. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na la kwetu likoje, Shangazi?"

Swali hilo halijibiwi kwa mdomo. Nikaamua kumtengenezea.

Nyumba niliyoichagua ni ya bibi yangu, Kariakoo. Ni ile nyumba ya vyumba sita ambayo watu wa mji huu wa rika langu wanaweza kuitembelea hata wakifumba macho: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaonyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, stoo na choo. Bibi alikaa chumba cha kwanza kushoto, vingine vilikuwa vya wapangaji. Dari hakukuwa nayo. Kuta za kugawa vyumba ziliishia kwenye mtambaapanya, na hewa yote iliyokuwa juu yake, chini ya bati, ilikuwa mali ya wote. Redio ya mpangaji mmoja ilisikilizwa na nyumba nzima. Mtoto akikohoa chumba cha mwisho usiku, asubuhi mwenye chumba cha kwanza anauliza, "Mwanao ameamkaje?" Nimesoma maelezo mengi ya wasomi kuhusu ujirani wa miji yetu, na bado naamini sehemu kubwa ya ujirani ule ilitokana na kuta kutofika juu.

Nyumba haipo. Mahali pale sasa pana jengo refu lenye maduka ya vitambaa chini, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kariakoo. Paa linalofahamika na kila mtu pale, ile miavuli ya zege ya soko iliyosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limepigwa picha na kuandikwa sana, na linastahili. Mapaa ya bati ya nyumba za vyumba sita, yaliyokuwa mengi kiasi kwamba ukipanda juu ya jengo lolote refu ulikuwa unaona bahari ya kutu mpaka Ilala, hayakupata mtu wa kuyaandika.

Watengenezaji wa nyumba za wanasesere hupenda kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani inchi moja kwa kila futi. Kwa nyumba ya bibi kipimo hicho kingetoa kitu cha mita nzima, ambacho hakiingii kwenye lifti ya kwa kaka yangu kikiwa na mtu. Nikachukua moja kwa ishirini na nne. Nyumba ya mita tisa na nukta sita kwa mita kumi na mbili ikawa sentimita arobaini kwa hamsini. Kuta nilizikata kwa plaiwudi nyembamba, nikazipaka chokaa, nikatoboa madirisha, na sina zaidi la kusema juu yake. Kuta zilikwenda zenyewe.

Paa lilinipeleka kwa Fundi.

Ni mzee wa mtaani kwetu aliyeezeka nyumba maisha yake yote, na ambaye magoti sasa yamemkataza ngazi. Nilimkuta kibarazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, nikamtolea kuta zangu ndani ya boksi. Aliziangalia kwa muda, akapitisha kidole juu ya ukuta wa ukumbi, akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Nyumba yenu ilitazama wapi, binti?"

Nikamwambia ni nyumba ya kuchezea, itakaa juu ya meza.

"Nimeona. Nauliza ilitazama wapi."

Ikabidi nifikiri. Nikakumbuka kwamba asubuhi jua lilikuwa likipiga barazani, na bibi akihamisha kiti chake cha kamba kukikimbia. Kumbe ilitazama mashariki, upande wa bahari. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Akaeleza kwamba bati hulaliana, moja likipanda juu ya ubavu wa jingine, na ule mdomo unaobaki wazi haufai kuelekea upande upepo unakotoka, maana mvua ya upepo itaingizwa humo na bati lenyewe litainuliwa. Kwa hiyo fundi huanzia upande upepo unakokwenda, akaja akiufuata unakotoka. Pepo zetu kubwa, kusi na kaskazi, zote hutufikia zikitoka upande wa bahari. Basi pande mbili ndefu za paa la bibi lazima zilianzia uani zikaja barazani. Upande wa mbele ulianzia kaskazini ukaishia kusini, kwa kuwa kusi ndiyo yenye nguvu.

Nilikuwa nimelala chini ya paa lile utoto wangu wote na sikuwahi kulijua hivyo. Na jambo hilo, kwa nyumba ya kuchezea isiyopigwa na upepo wowote, halibadilishi chochote ambacho macho ya mtoto yataona. Lakini kuanzia hapo sikuweza kulifanya vingine. Ukishajua kwa nini kitu kiko vile, kukigeuza kwa sababu tu hakuna atakayegundua ni kumdhulumu aliyekifikiria kwanza.

Tukaanza na miti. Nyumba kama ile hazikuwa na kenchi za mbao zilizopasuliwa kwa mashine; paa lilibebwa na miti ya mikoko, iliyokuwa ikiletwa mjini kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Kijiti cha mshikaki kina unene wa milimita tatu. Kuza mara ishirini na nne, unapata mti wa sentimita saba, na hata kuviringana kwake ni kwa mti wa porini na si kwa mbao. Papi, zile mbao za mbili kwa mbili zinazopigiliwa bati, nilizipata ndani ya kiberiti: njiti yake ina milimita mbili kila upande, na inchi mbili ukizigawa kwa ishirini na nne hupati zaidi ya hapo ila nukta moja. Vitu hivi viwili vilikuwa jikoni kwangu siku zote vikisubiri kuezeka.

Paa la pande nne lina ugumu wake kwenye pembe. Mti unaotoka kwenye kona ya nyumba kupanda mpaka ncha ya mwamba unapanda huku ukikimbilia ndani kwa pande mbili kwa wakati mmoja, na urefu wake hauonekani kwenye mchoro wowote wa ubavuni. Mimi nilikaa na kalamu. Nusu ya upana ni sentimita ishirini. Kimo cha paa nilikiweka kumi. Ishirini mara ishirini, ongeza ishirini mara ishirini, ongeza kumi mara kumi, jumla mia tisa, na kipeuo chake cha pili ni thelathini. Nilifurahi sana kuona jibu limetoka kamili namna ile, urefu wa rula ya shule.

Fundi alikuwa amekwisha maliza. Alichukua uzi, akausimamisha kutoka kona mpaka kwenye kijiti alichokisimika penye ncha ya mwamba kwa kimo cha paa, akaukata, akaulaza juu ya mshikaki, akaweka alama kwa ukucha. Tulipolinganisha, alama yake na yangu zilikuwa mahali pamoja. Sikuona haja ya kujiuliza ipi ni bora. Hesabu yangu inafaa kuandikwa na kupelekewa mtu aliye mbali. Uzi wake unafaa hata pale nyumba yenyewe ilipopinda, na nyumba nyingi zimepinda. Yeye anapima kona iliyopo, mimi nilipima kona iliyotakiwa kuwepo. Katika maisha ya ofisi nimekutana na mipango mingi iliyopimwa kwa namna yangu, na ingalihitaji mtu mmoja mwenye uzi.

Kisha bati lenyewe, na hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Bati la mawimbi lilibuniwa na Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, aliyelipatia hataza mwaka 1829. Wazo lake ni dogo na zuri: karatasi ya chuma iliyo bapa hujipinda kwa uzito wake wenyewe, ila ukiikunja mawimbi inakuwa na kimo, na kimo hicho kinaifanya isimame imara juu ya miti michache. Mwaka 1837 Stanislas Sorel akapata hataza Ufaransa ya kuchovya chuma kwenye zinki ili kisiliwe na kutu, na vitu viwili hivyo vilipokutana, paa likawa bidhaa ya kupakiwa melini, mabati yakilaliana bila kupoteza nafasi. Ndivyo lilivyofika pwani yetu na kuanza kuyaondoa makuti. Wenye pesa kidogo waliezeka kwa madebe ya mafuta yaliyokatwa na kunyooshwa. Jiko la bibi uani lilikuwa la namna hiyo, na lilikaa vizuri tu.

Kutoka mgongo mmoja wa bati mpaka mwingine ni milimita sabini na sita, inchi tatu. Kwa kipimo changu ni milimita tatu na kidogo. Nikazunguka nyumbani na rula nikipima kila kitu chenye mifuo, mpaka nikafika kwenye boksi la viatu. Maboksi yale membamba yana wimbi ndani yake, limebanwa katikati ya karatasi mbili, na wimbi hilo lina hatua ya milimita tatu na kidogo. Ukililoanisha kwa uangalifu na kubandua karatasi ya juu, unabaki na bati la Kariakoo lililotengenezwa na kiwanda cha maboksi.

Lakini ni karatasi, na karatasi haing'ai. Nikalifunika kwa foili ya jikoni, nikaikandamiza ndani ya kila bonde kwa kalamu ya wino iliyokwisha. Jambo la unene likanishangaza. Bati la geji 30 lina unene wa karibu theluthi moja ya milimita. Ligawe kwa ishirini na nne: unapata unene unaokaribiana sana na foili yenyewe. Maana yake ni kwamba kwa kipimo halali, foili ile ndiyo bati kamili, haihitaji karatasi chini. Na ukiijaribu hivyo, inakunjamana kwa pumzi. Wimbi la Palmer, ambalo kwa ukubwa wake linambeba mtu mzima anayetembea juu ya paa, kwa udogo wangu halibebi kidole cha mtoto.

Nilikaa na hilo kwa muda mrefu. Urefu nilikuwa nimeugawa kwa 24. Lakini eneo linagawanyika kwa 576, na ujazo, pamoja na uzito, unagawanyika kwa 13,824. Paa la tani moja likipunguzwa kwa haki linakuwa gramu sabini na mbili tu. Kidole cha mtoto, ambacho hakikupunguzwa na mtu, kikiligusa ni sawa na jitu kuegemea nyumba. Kitu kidogo, basi, hakiwezi kuwa kweli kwa kila upande. Inabidi uchague ukweli upi uuhifadhi na upi uuache, na uchague mapema, kwa moyo mmoja. Mimi nilichagua ukweli wa jicho na wa mpangilio: kila bati liwe na urefu wake, lilaliane panapostahili, lipigiliwe kwenye papi halisi. Ukweli wa unene niliuacha, nikabaki na karatasi chini ya foili ili mtoto aweze kushika. Anayetaka kuwa mwaminifu kwa kila kitu mara moja hamalizi paa, wala hamalizi mengi mengine.

Urefu wa mabati ulinipa furaha yake. Bati la mita tatu kwa kipimo changu ni sentimita kumi na mbili na nusu. Mteremko wa paa pamoja na mchirizi unaotoka nje ya ukuta ulikuwa ishirini na nne na nukta nne. Mabati mawili, la chini na la juu, jumla yake ni ishirini na tano. Yakilaliana kwa milimita sita, ambazo ndizo sentimita kumi na tano za fundi wa kweli, yanafika pale pale. Sikuwa nimepanga hivyo. Ila nadhani haikuwa bahati pia: nyumba za vyumba sita zilijengwa na watu waliojua bati linauzwa la urefu gani, na upana wa vyumba vya bibi, ambamo nilidhani mtu aliamua tu, ulikuwa umeshaamuliwa kwa sehemu na dukani.

Unaanza chini, unapanda. Kila mwezekaji anajua hivyo, kwa sababu la juu lazima lilale juu ya la chini ili maji yapite. Fundi alisisitiza misumari ipigwe juu ya mgongo wa wimbi na kamwe isipigwe bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita na tundu la msumari linakuwa mlango. Misumari yangu ilikuwa vitone vya gundi nyeupe ya maseremala, vilivyowekwa kwa ncha ya sindano. Vikikauka vinakuwa na kichwa cha mviringo kama kile cha msumari wa bati. Niliviweka mgongoni kila kimoja. Pale bati lilipokutana na bati penye pembe tukavika kofia, vipande vya foili vilivyokunjwa katikati, tukianzia chini ya pembe kupanda, na ya mwamba ikawa ya mwisho, ikizilalia zote.

Kuna jambo moja la kazi ambalo mwenye kutaka kujaribu alijue. Sisi wa pwani tuna unyevu, na karatasi iliyopakwa gundi upande mmoja hujikunja ikikauka. Dawa yake ni kuipaka upande wa pili vilevile, hata kama upande huo hautaonekana na mtu. Mivutano miwili ikilingana, karatasi inatulia. Paa langu limepakwa chini kwa uangalifu ule ule wa juu.

Sasa paa liling'aa lote, jipya, na halikuwa la bibi. Alumini haishiki kutu. Niliweka nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ndani ya siki, nikaziacha zikae mpaka siki ikabadilika rangi. Ukipaka maji hayo na kuyaacha yakauke, hewa inayageuza kuwa kutu ya kweli, ya hudhurungi, chuma halisi juu ya bati la uongo. Kwanza nilipaka kijivu kisichong'aa, ile rangi ya zinki iliyochoka. Kisha nikamuuliza Fundi kutu huanzia wapi.

"Ilipoumizwa," alisema.

Yaani kwenye tundu la msumari, kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi, na pale bati linapolaliana na unyevu ukakaa katikati. Chini ya mti unaodondosha majani pia, kwa kuwa majani hukaa na maji. Katikati ya bati, pasipoguswa na kitu, zinki inaweza kukaa miaka mingi. Nilipaka kwa kufuata maneno hayo: kutoka kila kitone cha msumari mfereji mwembamba ukishuka, kwenye kila mlaliano mstari mzito, pembeni kukolea, katikati kijivu. Upande wa uani, karibu na ulipokuwa mkungu wa jirani, nilikoleza zaidi. Na mabati mawili niliyaacha yang'ae. Bibi alibadilisha mabati mawili baada ya masika moja yenye upepo, na kwa miaka ile yote nyumba ilikuwa na viraka viwili vyeupe juu yake. Nikiwa mtoto nilivionea aibu. Nikiwa na brashi mkononi niliona ni kumbukumbu ya mwaka ambao mjane mmoja alijinyima ili wapangaji wake wasilowane, na nikavipa nafasi nzuri, upande wa mbele.

Jiko la uani nililiezeka kwa madebe. Debe likikatwa na kunyooshwa lote linatoa kipande cha karibu sentimita tisini na nne kwa thelathini na tano. Kwangu ni karibu nne kwa moja na nusu. Vipande vidogo vidogo, bila mawimbi, kila kimoja na mkunjo mwepesi mahali zilipokuwa pembe za debe. Mikunjo hiyo ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba hili lilikuwa chombo cha mafuta kabla halijawa paa. Kazi ya jiko lile dogo ilinichosha kuliko nyumba nzima na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Fundi hakukubali kwamba tumemaliza. Paa halijaisha, alisema, mpaka linyeshewe. Nilikuwa nimelipaka vanishi, kwa hiyo nikaleta maji na kuyanyunyiza kwa vidole. Hayakwenda popote. Yalikaa juu ya migongo ya bati kama shanga, yakang'ang'ania. Maji nayo hayapunguki: tone la milimita tatu juu ya paa langu ni dude la maji la sentimita saba, na ngozi ya tone ina nguvu ya kulishikilia pale. Fundi aliangalia, akaomba sabuni. Akaikoroga kidogo ndani ya bakuli, akanyunyiza tena, na safari hii maji yakateremka mabondeni yote kwa pamoja, yakavuka mlaliano bila kuingia, yakadondoka mchirizini kwa mistari iliyopangika. Akainua paa zima kwa mikono miwili, akapapasa miti ya chini kwa kiganja. Pakavu. "Haya," akasema, "sasa mpelekee mtoto."

Kilichobaki kunikera ni sauti. Nilitaka mtoto asikie mvua juu ya bati, na mvua yangu ya sabuni haikuwa na mlio wowote. Jibu lilikuja nikiwa napepeta ulezi wa uji karibu na ile meza. Punje chache ziliruka zikaangukia paa, na chumba kizima kikabadilika. Kwa rula, punje ya ulezi juu ya nyumba ile ni jiwe la mvua ya mawe. Kwa sikio, ni mvua ya Kariakoo ya mwezi wa nne, ile inayoanza kwa matone ya kuhesabika kabla haijafumuka.

Nikaipeleka nyumba ghorofa ya nane pamoja na kibaba cha ulezi. Mtoto aliinua paa kwanza, kama watoto wote, akaviona vyumba sita, akauliza mbona kuta hazifiki juu. Nikamweleza habari za redio. Akarudisha paa, akapiga goti, akaweka sikio karibu na dirisha la chumba cha kwanza kushoto, nami nikaanza kumwaga ulezi kutoka juu, taratibu, kisha kwa wingi. Bila kukusudia nikapaza sauti ile ambayo nyumba nzima ya bibi ilikuwa ikiipaza kwa pamoja tone la kwanza likigonga bati: "Anueni nguo! Anueni nguo!"

Akaruka. Akachukua wanasesere wote wawili akawakimbiza uani, akatafuta pale kati ya jiko na stoo, akanitazama kwa hasira ya mtu aliyefika kazini akakuta hakuna vifaa.

"Shangazi, kamba iko wapi?"

Nikaenda kumwomba mama yake uzi na vipande vya kitambaa.